Sanduku la Bati la Baba

Siku ya tano baada ya kumzika Baba, Mama alifungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akatoa ufunguo mdogo wa kufuli, akampa kaka yangu. "Haya, fungueni wenyewe," akasema, akakaa ukingoni mwa kitanda.

Sanduku lilikuwa mvunguni, lile lile la bati, rangi ya bluu, ambalo Baba alinunua alipoajiriwa mara ya kwanza. Baba alikuwa mtunza stoo wa halmashauri kwa miaka 31. Mtu wa leja. Kazini kwake hata mfuko mmoja wa misumari ulikuwa na mstari wake: umeingia lini, umetoka lini, nani kausaini. Nyumbani alikuwa na sanduku. Kila wastaafu walipoitwa kwenye uhakiki aliingia chumbani, akafunga mlango, akatoka na bahasha ya kaki kwapani. Akirudi anaingia tena, tunasikia kufuli linabana, basi. Sisi wanne tumekua tukijua kwamba karatasi za Baba zipo. Zipo. Neno hilo lilitutosha miaka yote.

Kaka alivuta, sanduku halikuja. Akavuta kwa mikono miwili, likaachia kwa sauti kama ya kitambaa kinachochanika, na sehemu ya kitako chake ikabaki sakafuni. Mwenyeji wa Dodoma anajua tulichokiona. Mchwa walikuwa wamepanda kwenye ufa wa sakafu, wakajenga njia zao za udongo hadi kwenye kona iliyoliwa na kutu, wakaingia. Juu mambo yalikuwa salama: koti lake la sherehe, ripoti zetu za shule ya msingi zimefungwa kwa kamba ya katani, kadi ya kliniki ya mdogo wetu wa mwisho. Chini ya hapo karatasi zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja, kama tofali bichi. Nilipochomeka vidole kutafuta ukingo, zikamong'onyoka mkononi. Barua ya toleo, ile iliyompa Baba kiwanja cha Nkuhungu na niliyoiona mara moja tu nikiwa darasa la sita, ilikuwa imebaki ukanda wa upana wa vidole viwili. Kwenye ukanda huo palikuwa na nusu ya muhuri wa mviringo: "...WISHAJI MAKAO MAKUU".

Nimeushika ukanda ule mara nyingi tangu siku hiyo. Ninao mpaka leo.

Kwa msomaji asiye wa huku: Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu aliiita CDA, iliundwa mwaka 1973, ulipofanyika uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Kwa zaidi ya miaka 40 ndiyo iliyopima, ikagawa viwanja na kumilikisha ardhi ya mji huu kwa mikataba ya miaka 33. Mei 2017 ikavunjwa, kazi zake zikahamia manispaa, ambayo mwaka 2018 ikawa Jiji, na serikali ikaelekeza kwamba hati sasa zitolewe na Wizara ya Ardhi kwa muda unaofika hadi miaka 99. Kwa hiyo nyumba nyingi za watu wazima hapa Dodoma zina karatasi yenye muhuri wa mamlaka ambayo haipo tena. Karatasi hizo bado ndizo mwanzo wa kila kitu. Kama mzazi wako anayo na hajawahi kufuatilia kuibadilisha, tafadhali usisubiri.

Yetu haikupotea moja kwa moja, namshukuru Mungu. Jirani wa upande wa kushoto alikuwa na nakala ya barua yake, na kwenye nakala ile kulikuwa na jina la kitalu. Kwa kuwa namba za viwanja zinafuatana, tuliingia ofisi ya ardhi tukiwa angalau na cha kuuliza. Jalada likapatikana. Siku ofisa aliposoma jina la Baba kutoka kwenye jalada, majina yote matatu, Mama alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Lakini ilituchukua wiki sita kufika kwenye meza ile, na wiki hizo sita zilikuwa ndani ya muda ambao Mahakama ilikuwa imenipa.

Hilo la muda sikulijua kabla. Kikao cha ukoo kilinipendekeza mimi niwe msimamizi wa mirathi. Baba mdogo alisema, "Mwalimu anajua kuandika, tumpe mwalimu," na kwa ukoo wetu, ambao kazi hiyo hupewa mtoto wa kiume bila majadiliano, lilikuwa jambo kubwa. Tukaandika muhtasari wa kikao, tukachukua cheti cha kifo, barua ya serikali ya mtaa, tukaenda Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, siku ikafika, nikapewa Fomu Namba 4 inayosema kwamba mimi ndiye msimamizi. Nikadhani kazi imeisha. Karani akanisogezea Fomu Namba 5. "Hii uilete ndani ya miezi minne. Mali zote na madeni yote ya marehemu."

Zote. Nilikaa kwenye benchi la nje nikiitazama fomu ile tupu. Kanuni za usimamizi wa mirathi za Mahakama za Mwanzo ndivyo zinavyotaka, miezi minne tangu kuteuliwa isipokuwa Mahakama ikuongezee muda, na zina haki kutaka hivyo, maana warithi wangapi wameibiwa na wasimamizi wasioorodhesha? Ila mimi sikuwa naficha. Nilikuwa sijui. Nilimjua Baba kwa sauti, kwa kikohozi, kwa namna alivyokuwa akimenya muwa kuanzia chini. Sikujua ana akaunti ngapi.

Tulianza na simu yake. Ilikuwa kitochi, haina nywila, na ndani yake kulikuwa na ujumbe wa pensheni kila mwezi, hivyo benki tukaijua siku ile ile. Baba alistaafu chini ya LAPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali za mitaa, na mwaka 2018 LAPF, PSPF, PPF na GEPF ziliunganishwa kuwa PSSSF, kwa hiyo kadi iliyokuwa kwenye pochi yake ilikuwa ya mfuko uliokwisha kubadili jina. Hilo lilinisumbua nusu siku tu. Kilichonisumbua zaidi ni kitu ambacho hakikuwa na ujumbe wala kadi. Mzee mmoja aliyestaafu pamoja naye alikuja kutuhani kwa kuchelewa, na wakati wa kunywa chai akasema, kama mtu anayekumbuka habari ya hali ya hewa, "Sijui vile vipande vyetu mlishavifuatilia?" Vipande gani, mzee? Mwaka 2005, UTT, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ilipoanzisha Mfuko wa Umoja na kuuza vipande vyake, wao wawili waliweka fedha siku moja. Miaka 16 vipande vilikuwa vinakua mahali, na ndani ya nyumba yetu hakuna aliyewahi kusikia neno hilo. Kama mzee yule angeumwa wiki ile, vingebaki huko.

Nirudi nyuma kidogo, maana kuna jambo lililotokea kabla ya haya na ndilo linaloniuma zaidi.

Siku ya kuanua matanga, kama ilivyo desturi, baba mdogo alisimama akatangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, anayedaiwa na marehemu naye ajitokeze. Upande wa wanaodaiwa hakusimama mtu. Upande wa wanaodai alisimama bwana mmoja anayeuza pembejeo, akasema Baba alichukua kwake salfa na nyaya za shamba la zabibu kwa mkopo, jumla shilingi 860,000. Kila mwenye zabibu anajua salfa. Usipopuliza, ubwiri unga unakula vichala vyote. Tulijua kweli Baba alikuwa akichukua dukani kwake. Hatukuwa na karatasi ya kukubali wala ya kukataa. Mama akasema mume wake hawezi kulala na deni. Tukauza mitamba miwili.

Mwezi wa nane tukaenda Mpunguzi kuvuna. Kwenye kibanda cha shambani, kwenye msumari nyuma ya mlango, kulikuwa na mfuko umening'inia, na ndani yake daftari dogo la kurasa 48 lenye mwandiko wa Baba. Mwandiko wa leja, herufi zimesimama wima kama askari. Kila kilo ya zabibu iliyouzwa. Kila kibarua aliyelipwa. Na tarehe 20 Februari 2021, miezi mitatu kabla hajafa: "Nimemaliza deni la salfa na waya, 860,000/=. Sidaiwi." Chini yake saini mbili. Ya pili ilikuwa ya yule bwana.

Nilimpelekea daftari. Aliliangalia, akasema alikuwa amesahau. Alirudisha 300,000, akaahidi zilizobaki, na mpaka leo ninapoandika hazijaja. Mama alikataa tusimpeleke popote. "Mitamba imekwenda," alisema, "mniachie amani yangu." Nimemtii, lakini nafsi yangu haijatulia, na sidhani kama inapaswa kutulia.

Kwa hiyo naomba uelewe ninachokisema. Watu wengi wakizungumzia kumbukumbu za fedha za nyumbani wanahimiza kuandika. Andika matumizi, andika madeni, weka risiti. Baba yangu aliandika. Aliandika vizuri kuliko mhasibu. Lakini kiwanja kilikuwa mvunguni, pensheni ilikuwa kwenye kitochi, vipande vilikuwa kwenye kumbukumbu ya rafiki yake, na deni lililolipwa lilikuwa kwenye msumari wa kibanda kilomita nyingi kutoka nyumbani. Vitu vinne, sehemu nne, na aliyejua njia ya kutoka kimoja kwenda kingine alikuwa mtu mmoja tu. Alipoondoka, njia ikafutika.

Nilimuuliza Mama, jioni moja tukichambua mlenda, kama Baba alikuwa akimficha. Alinyamaza mpaka nikadhani nimemkosea. Kisha akasema, "Hakunificha. Mimi ndiye sikuuliza. Mwanamke anayeuliza hela za mume wake anaonekana anamngoja afe." Mama yangu ameishi na mume wake miaka 44 kwa upendo ambao sisi watoto tuliuona kwa macho, na kwa miaka yote hiyo palikuwa na swali moja katikati yao ambalo adabu ililizuia.

Sikutaka swali hilo likae ndani ya nyumba yangu.

Mume wangu ni fundi ujenzi. Tangu serikali ianze kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, kazi hazijakatika: Iyumbu, Ilazo, Mtumba, Nzuguni. Fedha zake hazikai. Mwenye nyumba anatuma kwa simu asubuhi, mchana zimeshageuka nondo na saruji, jioni zimelipa vibarua. Mimi ni mwalimu, mshahara wangu unaingia siku inayojulikana na slipu yangu naiona mtandaoni. Tulikuwa na miaka 13 ya ndoa. Nilimwambia, "Baba, Jumapili hii baada ya ibada naomba kila mmoja alete mezani alichonacho. Karatasi zote. Hata zile mbaya." Alinitazama, akajua ninatoka wapi, maana ndiye aliyebeba lile sanduku kwenda kulichoma moto.

Alileta bahasha iliyojaa risiti. Tulizimwaga mezani, na zaidi ya nusu zilikuwa nyeupe. Nyeupe kabisa, pande zote mbili, kama karatasi ambazo hazijawahi kuandikwa. Zilikuwa risiti za mashine ya EFD, ile ya kodi iliyoko madukani, nyingine za mwaka ule ule, alizokuwa akizitupia kwenye dashibodi ya gari la kubebea vifaa, jua la Dodoma linazipiga kutwa. Ukizielekeza kwenye mwanga kwa pembe unaona kivuli cha tarakimu, kisha hakionekani tena. Karatasi zile hazina wino. Zina dawa juu yake inayogeuka nyeusi inapopata joto la mashine, na ndiyo maana joto na mwanga vinaziharibu baadaye. Nikasema tuzilamineti zilizobaki tuziokoe. Kijana wa stesheneri pale karibu na soko la Majengo alipitisha moja kwenye mashine yake, na ikatoka upande wa pili nyeusi tii, imeungua maandishi na pasipo maandishi. Basi risiti ya namna hiyo, kama ina kazi, itolewe kopi siku hiyo hiyo, kopi ndiyo itunzwe, na ile yenyewe ibanwe nyuma ya kopi.

Tulipofika kama saa kumi hivi, meza ikiwa karibu tupu, akasema, "Kuna kitu bado." Akaenda chumbani akarudi na karatasi moja ya SACCOS. Alikuwa amemdhamini mdogo wake mkopo wa matibabu miaka mitatu nyuma, mdogo wake alishindwa kurejesha, na yeye ndiye alikuwa akilipa kimya kimya. Sitaki kuandika hapa kwamba nilipokea kwa tabasamu. Nililia. Deni lenyewe halikuwa kubwa la kututisha, na shemeji yangu alistahili kutibiwa. Kilichoniliza ni ile miaka mitatu ya yeye kubeba peke yake, na mimi nikimlalamikia kwa nini hela haionekani. Na mimi nilikuwa na langu. Hisa zangu za kikoba, kwenye fomu, mrithi bado alikuwa mama yangu, jina nililoliandika kabla sijaolewa na sijawahi kuligusa. Vivyo hivyo kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii: watoto wetu wawili hawakuwepo kwenye taarifa zangu. Kama ningekufa mwaka ule, kwa karatasi zangu nilikuwa bado binti asiye na familia.

Jumatatu nilinunua boksi faili moja la kijani na kaunta buku kwaya mbili. Ndivyo ilivyoanza.

Faili linakaa juu ya kabati, ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na ndoo haigusi ukuta. Mtu wa Dar es Salaam ataona ni ajabu, wa hapa hataniuliza sababu. Ndani yake ziko bahasha za kaki chache: ya ardhi na nyumba, ya watu (vyeti vya kuzaliwa, cha ndoa, namba za NIDA za vitambulisho vya taifa, bima ya afya), ya kazi na pensheni, ya mikopo na dhamana, na ya shamba. Kaunta buku ndiyo moyo wake. Ukurasa wa kwanza nimeuandika kwa mkono wangu, kalamu ya wino, na umepangwa kwa mtu asiyejua chochote: kuna akaunti gani, iko wapi, ina jina la nani, mrithi aliyeandikwa ni nani, tunadaiwa na nani, tunamdai nani. Namba ya akaunti nimeandika tarakimu nne za mwisho tu. Anayehitaji kujua akifika benki na hati halali atasaidiwa, na mwizi akiliokota daftari hatapata cha kumfaa.

Ukurasa wa pili ni wa nyumba: namba ya kiwanja na kitalu, namba ya mteja wa maji DUWASA, namba ya mita ya umeme. Mita inahitaji maelezo kidogo. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Mama alipokatwa mara ya kwanza, miezi mitatu tu baada ya msiba, alinipigia simu akilia kwamba sasa na umeme nao wameanza kumwibia mjane. Nyumba yenye mita zaidi ya moja, au ambayo mita bado ina jina la aliyekuuzia, ni vyema jambo hilo liandikwe na lifuatiliwe mapema, likiwa bado dogo.

PIN haziko humo. Hili tulilijadili sana, na msimamo wangu ni kwamba faili lionyeshe kitu kiko wapi, lisiwe ufunguo wa kukifungulia. Mtu akifariki, njia ya halali ya kufikia fedha zake ni msimamizi wa mirathi, si PIN yake. Nimeona ukoo umevunjika kwa sababu mtoto mmoja alijua PIN ya mama akatoa fedha za simu usiku wa msiba, labda kweli kwa ajili ya jeneza, lakini nani ataamini? Na kwa vile nimetaja namba za NIDA: tarakimu nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Anayeiona kadi yako ameiona na tarehe hiyo. Kama PIN yako ni mwaka uliozaliwa, ibadilishe jioni hii. Halafu piga *106# uone ni laini ngapi za simu zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Mume wangu alikuta moja asiyoijua kabisa, akaenda kuifuta.

Kopi zipo pia kwenye simu na kwenye barua pepe yangu, zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa mchana, dirishani. Kopi hizo hazitumwi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Najua ni rahisi, najua shangazi ataomba "nitumie hapa hapa". Mtumie yeye peke yake.

Jambo la mikopo sikulijua hadi nilipoanza kusoma mikataba yetu badala ya kusaini tu. Mikopo mingi ya watumishi benki ina bima ndani yake, inayokatwa siku ya kuchukua mkopo, na mkopaji akifariki bima ndiyo inayolipa salio. Lakini familia lazima ipeleke taarifa na nyaraka kwa wakati. Mwalimu mwenzangu alifiwa na mume wake, akaendelea kupunguza mkopo kwa miezi kadhaa kwa hela ya vitumbua, hadi alipouona mkataba wenyewe na kipengele chake. Tulisoma pamoja kwenye ofisi ya walimu, kidole changu kikiwa chini ya mstari, na sikuweza kumtazama usoni.

Faida nyingine zimekuja zenyewe. Mdogo wetu wa mwisho alipoomba mkopo wa elimu ya juu, alitakiwa cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha Baba vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Alinipigia saa mbili usiku, sauti imemkauka, akisema dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Nilipanda kiti, nikashusha ndoo, na kabla hatujakata simu vilikuwa kwenye simu yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, asante. Nilidhani nitaanza kuzunguka." Yeye ndiye yule ambaye kadi yake ya kliniki mchwa hawakuigusa.

Kila Jumapili ya kwanza baada ya mshahara tunashusha ndoo, mimi na mume wangu, dakika 20 hivi. Mara nyingi hakuna cha kuandika zaidi ya tarehe. Lakini swali lipo mezani, na hakuna anayeonekana anamngoja mwenzake afe. Mtoto wetu mkubwa, ana miaka 12, anajua ndoo ni ya nini. Dada yangu wa Kondoa anajua pia, na yeye nasi tunajua la kwake.

Mwezi uliopita nilikwenda Nkuhungu na faili jipya la springi, la Mama. Nilidhani atanikatalia. Alikuwa amekwisha kujiandaa: ametandika mkeka chini ya mwembe, ameweka kadi yake ya benki, kitabu chake cha kikoba na kadi ya bima juu ya ungo, akavaa miwani ambayo huivaa kanisani tu. Tuliandika taratibu. Mrithi wa hisa za kikoba ni nani, Mama? Akataja. Ukiumwa ukashindwa kusema, nani aende benki? Akataja. Kuna mtu unayemdai? Akafikiri, akahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto.

"Mama wa nyumba ya pili, debe moja la uwele, tangu njaa ya mwaka juzi. Mwandike, lakini andika pia kwamba nimemsamehe, mtu asije akamdai."

Nikaandika. Akaomba kalamu, akasaini mwenyewe mbele ya huo mstari.